Mashine Imekwenda Chai

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijifichi. Mtu akinichangamkia kupita kiasi najiuliza anataka nini; akinipa kiti nakitikisa kwanza ndipo nakaa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata mvua ikinyesha mimi nitauliza nani kaituma. Basi siku binti yule wa Morogoro alipoingia kwenye banda letu la kufungashia mboga, saa ya kubonyeza ikining'inia shingoni, machale yalinicheza kabla hajafungua mdomo.

Banda letu liko kando ya barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Asubuhi karoti na kabichi zinashuka kutoka milimani; nyanya, hoho na bamia zinatoka mashamba ya bondeni. Tunaziosha, tunazichambua, tunazipanga kwenye trei na kuzifunga nailoni, na jioni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinazipeleka kwenye hoteli za Mikumi wanakolala watalii. Mimi naishi Mabwerebwere, na siku hizo nilikuwa kiongozi wa meza ya nyanya. Ufunguo wa banda nilikuwa nakaa nao mimi; jioni aliyetoka mwisho alibana kufuli tu. Saa moja kamili asubuhi nilikuwa nimeshafungua na kufagia, kabla mtu yeyote hajafika.

Mashine yetu ilikuwa moja tu: mkanda mrefu wa mpira unaotoa mboga kwenye beseni la maji, unazipitisha chini ya feni zikauke, kisha unatuletea mezani. Ilikuwa na ugonjwa wake. Asubuhi ilikwenda vizuri, lakini jua likishakuwa la utosi, mkanda ulianza kuhama upande mmoja, unahama, unahama, mpaka unabana kwenye chuma na kusimama. Hapo anakuja mzee fundi na nyundo yake ya mti, anagonga rola ya mwisho, anarudisha mkanda, anapaka grisi, ananyanyua kidole kimoja, tunaendelea. Baada ya saa moja hivi, unahama tena.

Mzee huyo alikuwa mtu wa Tindiga aliyepanga chumba karibu na banda. Maneno hakuwa nayo. Angeweza kumaliza kutwa nzima kwa kuitikia marahaba na kunyanyua kidole. Wote tulimwamkia kabla hatujagusa nyanya hata moja, na hata meneja, aliyekuwa na madharau kwa watu wengine, kwake alivua kofia.

Hapo bandani tulikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyetufundisha. Mashine ikisimama, hakuna aliyesema imeharibika. Kusema imeharibika mbele ya mzee anayeihudumia kwa mikono yake ni sawa na kumwambia umeshindwa kazi, na nani angethubutu? Tulisema mashine imekwenda chai. Dereva wa kirikuu akipiga honi kuuliza vipi, tunamjibu atulie, mashine imekwenda chai. Sisi wenyewe tunashika vitambaa, tunafuta nyanya ambazo zimeshafutwa, tukizungumza habari nyingine kabisa mpaka mzee amalize. Hakuna aliyemtazama akiwa chini ya mkanda. Ilikuwa namna yetu ya kumheshimu.

Sasa yule binti. Alituamkia wote, shikamoo mama, shikamoo mama, meza nzima, nami nikaona shikamoo zake zina haraka. Meneja akatueleza kwamba ni mtaalamu, kaja kutusaidia kufungasha mboga nyingi zaidi bila kuongeza watu. Sikusikia zaidi ya hapo. Bila kuongeza watu? Mimi niliwahi kufanya kibarua shamba moja la mtu, akaja kijana na daftari akawa anatuhesabu kwa ncha ya kalamu, na wiki iliyofuata nusu yetu tukaambiwa tusirudi. Tangu siku hiyo mtu akinitazama huku anaandika, namuuliza anaandika nini.

Binti alianza na miguu yangu. Asubuhi nzima alinifuata nyuma akihesabu hatua ninazotembea kutoka mezani kwenda kuchukua trei kule stoo na kurudi. Nikamuuliza kama nimemwibia. Akacheka, akasema hapana mama, nataka nione unavyochoka bure. Kesho yake trei zikahamishiwa chini ya meza yangu. Akapiga mistari ya rangi ya njano sakafuni: hapa pa nyanya zilizooshwa, hapa pa zilizooza, hapa pasiwekwe kitu. Akatundika ubao wa spana za mzee, kila spana imechorwa umbo lake hapo ubaoni, ili ikikosekana ionekane. Meza ya nyanya ikaanza kumaliza kazi mapema, na jioni magoti yangu hayakuwa yakiuma. Hilo nalo lilinitia wasiwasi. Nilijiuliza, huyu ananipumzisha ili iweje?

Jibu nililipata kwa dereva wa kirikuu, ambaye hana siri hata moja. Alitwambia alimsikia meneja kwenye simu akiuliza, yule fundi mzee kazi yake hasa ni ipi. Hakusikia zaidi. Lakini kwangu ilitosha. Nikajua saa ile shingoni mwa binti haikuletwa kwa ajili ya miguu yangu. Imemfuata mzee wetu.

Na siku ya pili yake tu, binti akatundika ubao mwingine, mweusi, wa chaki, juu pembeni ya mashine, na ngazi ndogo chini yake. Akaugawa sehemu tatu: mashine imesimama saa ngapi, imewaka saa ngapi, sababu nini. Akasema mtu yeyote akiona imesimama aandike, bila woga, hakuna atakayelaumiwa. Jamani, bila woga! Mtu anayekwambia usiogope ndiye wa kuogopa. Nilimtazama mzee fundi. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono mgongoni, anautazama ule ubao bila kupepesa. Nikaona uchungu usoni pake. Angalau nilidhani ni uchungu.

Saa ya chai niliwaita wanawake wa meza zote nyuma ya banda. Niliwaambia ubao ule ni kaburi la mzee, na kila chaki atakayoandika mtu ni jembe la kuchimbia. Tukiandika leo imesimama mara nne, kesho mara tano, mwisho wa mwezi binti anapeleka hesabu kwa meneja, na mzee anaambiwa ameshindwa kazi aende zake. Tusipoandika, watamtoa kwa lipi? Wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja tu ndiye aliyesita, mama mmoja wa milimani, Mwanglikana, aliyesoma shule ya misheni na mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Akasema yeye haoni ubaya wa kuandika kitu ambacho ni kweli. Nikamwambia ukweli wake akaupeleke kanisani, hapa kuna mzee wa watu. Akarudi kwenye beseni lake. Nami nikamweka moyoni, kwamba huyu ndiye atakayetuchongea.

Mambo yakawa rahisi, maana binti alikaa nasi asubuhi tu. Ikifika saa sita anapanda pikipiki kwenda kwa wakulima, kuwafundisha namna ya kuvuna bila kutoboa nyanya. Mashine nayo, kama inajua, ilimngoja aondoke. Saa saba inakwenda chai, saa nane na nusu inakwenda chai, saa tisa inakwenda chai. Sisi vitambaa mkononi, ubao mtupu. Asubuhi binti anakuja, anautazama, anaandika kwenye daftari lake, anaondoka. Nilimtazama nikacheka moyoni.

Kisha asubuhi moja nikafungua banda, nikakuta pameandikwa.

Ulikuwa mwandiko wa kutetemeka, wa herufi kubwa kubwa: SAA 7, MKANDA, BERINGI IMELIKA. Saba yenyewe ilikuwa imekatwa kamstari katikati, kiunoni. Moyo ulinilipuka kwa hasira. Nikasema moyoni, huyo mama wa milimani, na ameharibu mwandiko makusudi ili asijulikane. Nikachukua kitambaa cha nyanya, nikakilowesha, nikafuta mpaka ubao ukang'aa. Kutwa nzima sikumsemesha. Alinipitishia chumvi wakati wa chakula, nikaipokea bila kusema ahsante.

Siku tatu baadaye, pameandikwa tena. Nikafuta. Wiki iliyofuata, tena, na safari hii chaki imekandamizwa mpaka imekatika. Nikafuta, na mchana nikamfuata yule mama kwenye beseni nikamwambia namjua, na Mungu wake pia anamjua. Alinitazama kwa mshangao mkubwa, nami nikasema huyu mwanamke ana macho makavu ajabu. Akasema neno moja tu: "Si mimi." Nani angemwamini? Baada ya hapo mwandiko haukuonekana tena, nikajua nimemkomesha. Ubao ukabaki mtupu mwezi mzima na zaidi. Nilijisikia fahari, sidanganyi. Nilikuwa nikimwona mzee anapiga grisi, nikisema moyoni, fanya kazi yako kwa amani, sisi tupo.

Meneja alimwita ofisini siku ya Ijumaa, kabla ya sala. Alitoka na bahasha ya kaki. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa spana, akaanza kuzishusha moja moja na kuzipanga mezani kwangu.

Barua ilisomwa na dereva, maana mzee hakuwa na miwani. Ilimshukuru kwa utumishi wake. Ikasema kumbukumbu za zaidi ya mwezi mmoja zimeonyesha mashine haisimami hata mara moja, hivyo hakuna haja ya kuwa na fundi wa kukaa bandani kutwa. Ikitokea hitilafu ataitwa.

 Nikakaa juu ya kreti, bila kuitikisa.

Mzee akaniomba nishuhudie makabidhiano ya vifaa, kwa kuwa mimi ndiye mwenye ufunguo. Akatoa karatasi, akawa anaandika kwa taratibu huku mkono unatetemeka. NYUNDO YA MTI 1. BISIBISI 2. SPANA NAMBA 10. SPANA NAMBA 17.

Ile saba aliikata kiunoni.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikangoja. SPANA NAMBA 27. Akaikata tena. Nikageuka kumtafuta yule mama wa milimani; alikuwa kwenye beseni lake, mikono majini, ananitazama, naye hakuwa na habari ya nilichokiona.

Nikamuuliza mzee kwa sauti ambayo sikuijua, kama ni yeye aliyekuwa akiandika ubaoni. Akasema ndiyo, mara tatu. Akasema beringi ya rola ya mwisho maji yameiingia na kutu imeila. Ikipata joto la mchana inalegea, ndipo mkanda unahama. Amemwambia meneja tangu mwaka juzi, na meneja kila mara anasema mbona mashine inatembea. Binti alipokuja akamweleza yeye. Binti akamwambia, babu, meneja haamini maneno, anaamini kilichoandikwa. Ndipo yeye mzee, kwa mdomo wake, akamwomba atundike ubao.

Yeye ndiye aliyeuomba! Uso ule niliouona una uchungu ulikuwa wa mtu anayengoja kwa hamu.

"Nilikuwa naandika jioni mkishaondoka," akasema. "Asubuhi nakuta pamefutwa. Nikajua ofisi haitaki kusikia. Nikaacha."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniona nikifuta, na mzee alishaamini ni ofisi. Wallahi niliifikiria njia hiyo, kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha nikamwambia ni mimi. Nikamweleza yote, kaburi, jembe, mkutano wa nyuma ya banda, na kwamba tulikuwa tunamlinda.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikunja ile karatasi ya spana mara mbili, akanikabidhi, akaniambia kwa upole kabisa:

"Mlinisitiri mpaka mkanizika, mwanangu."

Akavaa kofia yake akaenda msikitini.

Jumatatu nilimngoja binti mlangoni. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, yeye kakaa kwenye pikipiki yake. Nilitegemea atashtuka, atakimbilia ofisini. Badala yake akanitazama usoni. Akasema ubao mtupu ulimfanya adhani mzee alitia chumvi, akaniuliza kwa nini nasema leo, baada ya barua kutoka. Akaniuliza kama mzee ni ndugu yangu. Akauliza nani mwingine anaweza kuthibitisha. Loo, nililijua jicho lile, ni langu. Ndivyo ninavyotazama watu mimi. Sikuwa nimewahi kulipokea, na ninakwambia linachoma.

Nikamwomba kitu kimoja: leo usiende kwa wakulima, kaa hapa mpaka saa saba.

Akakaa. Na kwa kuwa mzee hakuwepo kupaka grisi, mkanda haukungoja hata saa saba ifike. Ulianza kuhama, ukalia kama mlango mbovu, ukabana, ukasimama, hoho zikamwagika juu ya mistari yake ya njano. Binti akabonyeza saa. Wanawake wangu, kwa mazoea, wakashika vitambaa wakaanza kufuta nyanya. Mmoja akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba mashine imekwenda chai. Binti akageuka akauliza imekwenda wapi, na pale hakuna aliyeweza kuinua uso.

Siku hiyo mashine haikuwaka tena. Kirikuu kiliondoka nusu tupu, na nyanya zilizobaki kwenye beseni zililainika. Mimi ndiye niliyeandika ubaoni, na yule mama wa milimani akanishikia ngazi ndogo bila kuombwa. Nilimwomba radhi hapo hapo. Akasema yameisha, lakini akaongeza kwamba siku ile nilimtaja Mungu vibaya. Nikakubali.

Meneja alifuata beringi Morogoro, kitu cha kuenea kiganjani. Akatuma watu Tindiga mara mbili kumrudisha mzee kazini, na mara ya pili binti alikwenda mwenyewe. Mzee akasema kurudi hatarudi, ana mpunga wake shambani, na mtu akishapewa barua amepewa. Lakini beringi atakuja kuifunga, kwa sababu ameingoja miaka miwili.

Alikuja asubuhi moja, akafanya kazi yake bila mazungumzo. Alipomaliza aliweka ncha ya bisibisi kwenye rola na mpini kwenye sikio, akafumba macho, akasikiliza. Akanyanyua kidole. Mkanda ukatembea, saa sita ikapita, saa saba ikapita, saa tisa ikapita, umenyooka katikati bila kuhama hata kidogo. Sisi tumesimama tunamtazama, kwa mara ya kwanza, tunamtazama akiwa kazini. Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililoninyima usingizi siku nyingi. Mzee alijua kabisa kwamba beringi ikifungwa, mashine haitamhitaji sana. Aliiomba hivyo hivyo. Hakuwa akiogopa. Tuliokuwa tunaogopa ni sisi, tukamvika yeye woga wetu.

Kabla hajaondoka aliniita, mimi, katika watu wote. Akanionyesha pale grisi inapoingia, mara ngapi kubana, na namna ya kufunika rola wakati wa kuosha ili maji yasiingie tena. Akasema kila Jumamosi asubuhi, mashine ikiwa bado imepoa. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema mtu anayeamka mapema kufuta anaweza kuamka mapema kupaka. Sikujua kama amenisamehe au amenisimanga, na mpaka leo sijui. Nimeshuku yote mawili.

Binti naye bado huja, siku moja moja, na saa yake shingoni. Namwitikia marahaba vizuri. Lakini akianza kuandika huku ananitazama, bado namuuliza anaandika nini, naye siku hizi hugeuza daftari akanionyesha.

Kila Jumamosi napaka grisi, kisha napanda ngazi naandika ubaoni: rola ya mwisho, grisi, kubana mara 7. Ile saba naikata kiunoni. Hakuna aliyeniuliza sababu, na hakuna anayeifuta.